Sauti Iliyopotea Njia

Machi 2, Jumapili

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana. Kinanda ameogopa radi, akaimba. Nasema ameimba kwa sababu mtoto huyu halii kama watoto wa watu. Anapanda, anashuka, anavuta pumzi, kisha anarudia kiitikio. Wifi yangu ndiye aliyempa jina hilo, na sasa hata baba yake halitumii tena lile la kwenye cheti.

Naandika kwa sababu nimeagizwa. Nimo kwenye kundi la simu linaloitwa Jukwaa Refu. Ni la watu wa maigizo: waigizaji, waongozaji, washona maleba, watu wa taa, waliotawanyika miji mbalimbali, wengi hawajaonana uso kwa uso. Wanabadilishana miswada, wanaulizana namna ya kupaza sauti bila kukwaruza koo, wanagombana kuhusu mapazia. Mama anayeliongoza, sote tunamwita Mwongozaji, amesema msimu huu wa mvua kila mtu aandike anachosikia nyumbani kwake, hata kama ni bomba linalodondoka.

Basi: bomba linadondoka.

Kabla ya Kinanda niliigiza na kikundi cha mtaani. Kikundi kikasambaratika, mimi nikajifungua, na tangu hapo jukwaa langu ni jiko. Kwenye Jukwaa Refu sijawahi kusema hata neno moja. Mimi ni msikilizaji. Natega sikio huku nafua.

Machi 3, Jumatatu

Jumatatu ndiyo siku yao kubwa. Mtu mmoja anarusha kipande cha sauti bila kueleza chochote, na wengine wanakipokea, kila mmoja akijifanya mhusika fulani. Ni marufuku kuuliza hiki ni nini. "Hatuulizi, tunapokea": maneno hayo yameandikwa juu kabisa ya kundi.

Leo Fundi Taa, kijana mmoja anayefunga taa kwenye kumbi za mji wa mbali, amerusha sauti ya ndala zake zikipanda ngazi. Ndala tu. Mama mmoja akapokea: "Hizo ndala nilizinunua mimi, na miguu iliyomo nimeizaa mimi. Ingia ndani!" Dada Maleba, ambaye hushona mavazi ya jukwaani, akapokea kama paka. Nimecheka hadi nikajimwagia maziwa.

Machi 5

Nguo hazikauki. Nepi zimetundikwa hadi juu ya televisheni.

Machi 6, Alhamisi

Mikono ina sabuni, lakini lazima niandike. Mwongozaji ametangaza igizo la msimu wa mvua! Kila mtu ataigiza akiwa chumbani kwake, na mjini kwake yeye watatandika kitambaa cheupe ukumbini, watu waje watutazame humo. Jumapili kuna kusoma pamoja kwa video. Anayetaka nafasi asome ukurasa mmoja, kisha Mwongozaji achague.

Nimemsubiri Baba Kinanda mlangoni. Mume wangu ni mwoka mikate. Anaondoka watu wamelala, anarudi mchana, anakula akiwa amefumba jicho moja, analala. Ndoa yetu tunaiendesha kwa sauti za simu: mimi namwachia maneno, yeye anayasikiliza akikanda unga, naye ananiachia yake.

"Jumapili mchana utamshika mtoto," nimemwambia.

"Nitamshika."

"Mchana wote. Usilale."

"Mama Kinanda, nimesema nitamshika. Nikuapie kwa hamira?"

Wifi, mdogo wake, tunaishi naye. Anasuka nywele saluni na ulimi wake haujui likizo. Akadakia kutoka chumbani: "Apa kwa kitanda, kaka, ndicho unachokipenda."

Nimesoma ukurasa wangu kwa kunong'ona hadi nimeukariri.

Machi 9, Jumapili

Hakuja. Mwenzake wa kazini kaugua, akabaki kushika zamu yake, simu kaiacha ndani ya koti. Wifi yuko saluni. Nimefungua video Kinanda akiwa mapajani, nikafika sentensi ya pili, akaanza kuimba. Nimezima.

Machi 10, Jumatatu

Leo nitaandika mpaka kalamu ilalamike.

Asubuhi Baba Kinanda alikuwa ameshaondoka. Jana alirudi giza limeingia, akaanguka kitandani na viatu. Mimi nina maneno yamenijaa kooni. Nimemfunga Kinanda mgongoni kwa mbeleko, nimeshika simu kwa mkono wenye povu, nikamwachia sauti kama kawaida yetu:

"Baba Kinanda, sikiliza, na usikilize mpaka mwisho, usiruke. Jana sikukuomba nguo. Sikukuomba kutembezwa. Nilikuomba mchana mmoja. Najua mwenzako mgonjwa. Watu wote wanaugua, wote wana zamu, wote una huruma nao, isipokuwa huyu unayemkuta kila siku amesimama palepale ulipomwacha. Mimi sijachoka na mtoto. Nimechoka kuwa ukuta, watu wananitundikia vitu. Nilikuwa na sauti mimi. Ulinioa nikiwa nayo, ulikaa kiti cha mbele ukapiga makofi hadi ukaangusha kofia. Sasa niambie, unaikumbuka? Kama huikumbuki sema, nijue moja. Chakula kiko kwenye sufuria ndogo. Ukipashe."

Nikatuma. Nikaweka simu kabatini, nikasuuza nepi zote, nikazikamua, nikazitundika.

Niliporudi simu ilikuwa inatetemeka kama ina homa. Majibu yamejaa Jukwaa Refu. Nikafungua nijue Jumatatu hii nani karusha kipande kizuri hivyo.

Nimekirusha mimi.

Sauti niliyomwachia mume wangu niliituma kundini! Na kwa kuwa ni Jumatatu, na kwa kuwa hawaulizi, wamepokea. Fundi Taa amepokea kama mume. Analia, jamani, analia kabisa: "Mke wangu, mama wa mwanangu, nipige, nitukane, lakini usiniambie wewe ni ukuta!" Dada Maleba kapokea kama mama mkwe: "Nilikwambia huyo binti ana mdomo, ukasema eti ana macho mazuri. Haya, tazama macho sasa!" Mwingine kapokea kama jirani: "Enyi mlio hai, sisi huku tunataka kulala!"

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikaandika haraka: "Samahani sana, nimekosea. Hiyo ilikuwa ya mume wangu."

Fundi Taa akajibu palepale: "Ndiyo, mke wangu, na mumeo nimeipata!"

Nikaandika tena: "Si igizo. Ni kweli."

Dada Maleba: "Mwoneni anavyoshikilia! Hatoki kwenye uhusika hata kwa fimbo!"

Kadiri ninavyokana ndivyo wanavyonisifu. Sijawahi kusifiwa hivyo tangu nizaliwe, na nilikuwa najaribu kutoroka.

Hatimaye simu ikalia. Mwongozaji mwenyewe. Ana sauti ya mwalimu mstaafu, nzito na yenye tabasamu ndani.

"Mwanangu, umenichekesha na umeniliza. Niambie ukweli. Lile lilikuwa igizo?"

"Hapana, mama. Nilikuwa namgombeza mume wangu."

"Basi sote tumeingia nyumbani kwako na viatu."

"Nyie hamna kosa. Kidole changu."

"Ukisema tuifute, inafutwa sasa hivi. Lakini nikuulize jambo. Ungeweza kuifanya tena, kwa kujua unachofanya? Nina igizo la msimu halina kichwa. Nadhani kichwa chake ni wewe."

Kinanda alikuwa ananivuta sikio. Nilisimama katikati ya nepi zinazodondosha maji, nikahisi kitu kinapanda kutoka nyayoni. Ukubwa wake siwezi kuueleza. Nilitaka kusema ndiyo hadi meno yakauma.

"Lazima nimuulize mwenyewe," nikasema. "Ugomvi ni wa wawili."

"Muulize. Nitasubiri."

Machi 11, Jumanne

Nimemwambia alipoamka. Sikuzunguka. Akaniomba asikie. Tukakaa kitandani, simu katikati yetu kama mgonjwa.

Alisikiliza yangu mpaka mwisho, hakuruka. Kisha ikaja sauti ya Fundi Taa na kilio chake.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Amepokea kama wewe."

Akarudia kusikiliza. "Analia nini?"

"Anaomba msamaha."

"Kwa niaba yangu?" Akainuka, akatafuta shati, akalikosa, nalo amelivaa. "Watu wangapi wamesikia?"

"Kundi zima."

"Mama Kinanda. Mimi nimekuwa wa mwisho hata kwenye kugombezwa kwangu."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Nikamwambia kuhusu igizo. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana. Watu wakae kwenye viti watazame sufuria yangu? Hapana."

"Sawa," nikasema. "Bila wewe kukubali sitafanya. Hilo nakuahidi, na mimi nikiahidi huwa natimiza."

Ilimfikia, niliona. Lakini hakunijibu lile swali la kama anaikumbuka. Kundini wote wamenijibu, hadi jirani anayetaka kulala. Yeye bado.

Machi 12

Nimempigia Mwongozaji. Amesema nafasi itanisubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha atampa mwingine, maana ukumbi umeshapatikana. Nikasema nimeelewa. Nimekata simu, nikamenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula.

Machi 14

Mvua. Baba Kinanda ananisalimia kama mgeni mwenye adabu.

Machi 17, Jumatatu

Leo nimepokea! Kwa mara ya kwanza! Kipande kilikuwa mtu anafunga mlango polepole. Nikapokea kama mlango wenyewe: "Kila mtu ananishika mkono, hakuna anayenisalimia." Nimetuma nikakimbia kujificha jikoni, kana kwamba wataniona. Fundi Taa karudisha vicheko, na Dada Maleba akauliza mlango huo huvaa saizi gani. Siku nzima nimefagia kama ninacheza.

Machi 20, Alhamisi

Nimegundua jambo. Mchana Baba Kinanda akilala huwa tunatembea kwa ncha za vidole, na mazoezi yangu ni ya kunong'ona kama mwizi. Lakini mvua ikipiga bati kwa nguvu, hakuna anayesikia chochote. Leo ilipokolea nikasimama katikati ya sebule nikaipaza sauti yangu yote, ile sauti ya "nimechoka kuwa ukuta." Nilikuwa nimeusahau ukubwa wake! Ilinigonga kifuani na kurudi. Kinanda akakaa kimya, mdomo wazi.

Mvua ikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Mimi nikabaki nimenyoosha mkono, nikipiga kelele peke yangu: "UNAIKUMBUKA?"

Wifi alikuwa mlangoni na mwavuli.

"Naikumbuka," akasema. "Ni kanga yangu, uliiazima mwaka jana."

Tukacheka tukashikana. Halafu akakaa akavua viatu. "Wifi, kaka hajakataa kwa kiburi. Anaona aibu. Amezoea kugombezwa na tanuri tu, ambalo halina watazamaji."

"Mimi nifanyeje?"

"Wewe piga kelele hivyohivyo. Kuta za nyumba hii zimetengenezwa kwa maboksi."

Sikuelewa alichomaanisha. Kisha nikasikia kitanda kikilia chumbani, mtu anajigeuza. Hakuwa amelala.

Machi 22

Kinanda anaota jino. Hakuna aliyelala. Tumegawana kumbeba, yeye na mimi, bila kusemezana, kama wachukuzi wa mzigo mmoja.

Machi 24, Jumatatu

Asubuhi nimekuta sauti yake kwenye simu. Naiandika yote, maana mume wangu si mtu wa maneno marefu na hii ni ndefu kwake.

"Mama Kinanda. Niko kwenye unga. Nimekuwa nikikusikia ukifanya mazoezi. Mvua inakusaidia lakini haikufichi kama unavyodhani. Sasa. Huyo mwanaume wenu aache kulia. Hilo la kwanza. La pili, siku ya onyesho mvua ikipiga bati nani atakusikia? Stoo ya unga hapa kazini haina kelele. Magunia yanakula sauti, ukisema kitu hakirudi. Mchana tanuri likipumzika watu wanaondoka. Nimemuuliza mwenye tanuri, kasema sawa, usiguse sukari. Ni hayo. Umepasha chakula? Yaani, mimi nitapasha."

Nimeisikiliza mara nyingi hadi Wifi amenipokonya simu. Nimempigia Mwongozaji huku naruka. "Amekubali!"

"Amesema amekubali?"

"Amesema nisiguse sukari!"

Machi 30, Jumapili

Stoo ya unga! Magunia yamepangwa hadi dari, katikati kuna nafasi ya mtu kugeuka. Kuna taa moja na dirisha dogo lenye wavu. Mvua nje inamwagika na humu unaisikia kama mtu anakwangua karatasi nyumba ya tatu. Nikisema neno, linakwenda moja kwa moja na kukaa. Mwongozaji kwenye simu alishangaa: "Uko wapi? Nasikia hadi unavyofumba mdomo!"

Nimekubali rasmi mbele ya wote. Mimi ni Mke, Fundi Taa ni Mume, Dada Maleba ni Mama Mkwe. Kinanda ni Mtoto, na hakuombwa ruhusa.

Tulipofika kilio cha Fundi Taa nikasikia mtu anakohoa nyuma ya magunia. Baba Kinanda, eti anahesabu magunia.

"Sema basi," nikamwambia.

"Sina la kusema. Ila mtu aliyetoka kazini hana nguvu ya kulia hivyo. Anaangalia viatu vyake."

Fundi Taa akasikia. "Nani huyo? Ni yeye? Shikamoo, mume mwenzangu!"

"Usinizoee," Baba Kinanda akasema. Lakini nilimwona anauma mdomo asicheke.

Aprili 4

Jino limetoka. Limeniuma kidoleni. Furaha.

Aprili 6, Jumapili

Leo mazoezi yamegeuka shule. Fundi Taa ni kapera, hajawahi kunyamaziwa wala kunyamaza ndani ya nyumba. Mwongozaji akamwomba Baba Kinanda amfundishe. Akakataa, akasogea, akakataa tena akiwa ameshachukua simu.

"Mkeo anaongea. Wewe uko wapi?"

"Nimesimama mbele yake, shemeji, kwa huzuni."

"Huzuni ya nini? Kaa chini. Umesimama kwa miguu toka alfajiri. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Sasa anakwambia amechoka. Unafikiria nini?"

"Nafikiria jinsi nilivyomkosea."

"Hapana. Unafikiria: na mimi. Unataka kusema 'na mimi nimechoka', na unajua ukilisema tu, umekwisha. Basi unalishika mdomoni. Ndiyo maana hujibu. Siyo kwamba husikii."

Mimi nilikuwa nimeegemea gunia na Kinanda, namtazama mtu huyu mwenye unga kwenye nyusi. Miezi yote nilidhani kimya chake ni mlango uliofungwa. Kumbe ndani kuna mtu amekishika kitasa.

"Shemeji," Fundi Taa akasema polepole, "naweza kukaa na hilo?"

"Kaa nalo. Mimi nimekaa nalo mwaka."

Aprili 9

Dada Maleba ametuma kwa basi kifurushi: gauni la Mke, limeshonwa kutoka mapazia ya zamani ya ukumbi wao. Amelishonea mifuko mikubwa miwili, "ya nepi." Limenikaa kama ngozi. Mtu ambaye sijawahi kumshika mkono anajua upana wa mabega yangu, kwa kunitazama kwenye kioo cha simu tu.

Aprili 13, Jumapili

Mwisho wa igizo bado hatujaupata. Mke anauliza, "Unaikumbuka?" Mume ananyamaza, sasa Fundi Taa ananyamaza vizuri hadi unataka kumpiga. Kisha lazima aseme mstari mmoja. Upi? Amejaribu "Naikumbuka." Amejaribu "Nisamehe." Amejaribu kuimba. Mwongozaji kila mara: "Hapana. Bado."

Nikamgeukia Baba Kinanda. Wote wakasubiri.

"Hilo sijui," akasema, akatoka kwenda kuwasha tanuri mapema kuliko kawaida.

Aprili 15

Mvua imevunja daraja dogo. Mkate umechelewa kufika madukani. Amerudi amelowa, akalala, Kinanda juu ya kifua chake.

Aprili 21, Jumatatu

Zimebaki siku sita kabla ya onyesho. Kula siwezi. Wifi amenisuka, amenivuta hadi nyusi zimepanda. "Ukishtuka jukwaani haitaonekana," ananiambia, "tayari umeshtuka." Amesema Jumapili saluni itafungwa, amekwenda kumwambia bosi wake macho makavu kwamba kuna msiba. Nikamuuliza msiba wa nani. "Wa hofu yako."

Kundini hakuna anayezungumza kitu kingine. Watu wa miji ambayo sijui kuitafuta kwenye ramani wananiandikia: pumua kwa tumbo, kunywa maji ya vuguvugu, usiangalie kamera, mwangalie mtu mmoja nyuma yake. Mzee mmoja amenitumia tu sauti yake akipiga makofi mapema, "endapo mtandao utakatika mwishoni."

Mstari wa mwisho bado haupo. Mwongozaji ameamua: Fundi Taa aseme atakachosikia moyoni siku hiyo.

Aprili 27, Jumapili

Sijui nianzie wapi. Naanzia mvua.

Mvua ilianza tukiwa njiani, na ilikuwa mvua ya mwaka mzima. Tumefika stoo tumelowa, gauni lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, Kinanda ndani ya koti la baba yake. Wifi alishika simu, ameiegemeza kwenye gunia, akataka kunipaka unga wa gunia jingine kama poda, nikamzuia. Baba Kinanda akasimama mlangoni. Alisema analinda tanuri.

Kwenye kioo nikaona ukumbi. Kitambaa cheupe, viti, vichwa vya watu. Watu! Wamekuja kwenye mvua hiyo. Mwongozaji akasogea kwenye kamera, kavaa vizuri kama anakwenda kuposa. "Mwanangu, wamejaa. Uko tayari?" Sikuwa tayari. Nikasema ndiyo.

Na likaanza. Dada Maleba akawachekesha hadi nikasikia viti vikilia. Fundi Taa akarudi nyumbani, akakaa, akatazama viatu vyake, na ukumbi ukamwelewa, niliwasikia wakimwelewa. Kisha ikafika zamu yangu. Kinanda mgongoni, gauni la pazia, mikono yangu inatafuta nepi kwenye mifuko. Nikasema sikukuomba nguo. Nikasema nimechoka kuwa ukuta. Sauti ikatoka, ile yote, wala sikuhitaji mvua kuifunika. Niliijua njia nzima kama mtu anayerudi kwao.

"Ulikaa kiti cha mbele ukapiga makofi hadi ukaangusha kofia. Sasa niambie. Unaikumbuka?"

Fundi Taa akanyamaza.

Akaendelea kunyamaza.

Nikamwangalia. Jicho moja limefumbwa nusu, mdomo umepinda. Hapumui. Picha yake imeganda! Mvua imekata mtandao wa kwake, na ukumbi mzima unangoja, wanadhani ni kimya chake kile tulichokifundisha. Wifi nyuma ya simu anachezesha mikono kama anafukuza kuku. Mimi nimesimama. Sina mstari mwingine. Wangu ni kuuliza tu, anayejibu ni yeye. Nikahisi machozi yanakuja, ya kweli, ya hasira, kwamba hata leo, hata mbele ya watu wote hawa, nimeuliza na hakuna anayejibu.

Kinanda akaanza kuimba. Akapanda, akashuka, akavuta pumzi.

Nikasikia hatua. Baba Kinanda ameingia, na aproni yake, unga hadi kwenye viwiko. Hakuitazama simu. Sidhani alikumbuka kama ipo. Akaja hadi mbele yangu, karibu, akafungua fundo la mbeleko kifuani kwangu kwa vidole vinene ambavyo huwa vinalishindwa, leo vikaliweza. Akamchukua mtoto.

"Nipe mimi," akasema. "Wewe endelea."

Akakaa chini kwenye gunia. Kiti cha mbele. Hakuwa na kofia, alikuwa na kile kikofia cha kazini. Akakivua, akakitupa sakafuni.

Sikuwa na maneno ya kuendelea nayo, hayakuandikwa. Nikasimama tu, mgongo wangu mwepesi, baridi pale alipokuwa mtoto. Nikanyoosha mabega. Mwongozaji baadaye aliniambia wale watu walisimama kwa sababu ya hayo mabega.

Makofi yalikuja kutoka kwenye simu ndogo hivyo yakajaa stoo, na magunia hayakuyala.

Fundi Taa alirudi hewani tukiwa tumeshainama mara ya tatu. "Halo? Halo? Mnanisikia? Nataka kusema mstari wangu!"

"Umeshasemwa," Dada Maleba akamjibu, anapenga kamasi.

"Nani kaniibia?"

"Mwenyewe."

Nimemuuliza Baba Kinanda tulipokuwa tunatembea kurudi kwenye matope, kama alipanga. Akasema alisikia mtoto analia. Tukaenda hatua kadhaa. Akasema, "Naikumbuka. Ulikuwa umevaa viatu visivyofanana." Ni kweli. Nilikuwa nimesahau hata mimi.

Aprili 28, Jumatatu

Jua. Nimetoa nguo zote nje, hata zilizokauka.

Kipande cha leo kimechelewa. Nilidhani wote wamechoka. Karibu na mchana kikaingia, kutoka namba mpya, imeongezwa asubuhi na Mwongozaji. Hakina neno hata moja. Ni donge la unga linapigwa mezani, pa, pa, kisha mtoto anacheka, kisha donge tena.

Kinanda alikwenda kazini na baba yake leo. Mimi nililala hadi jua likanikuta.

Dada Maleba keshapokea kama donge, analalamika mgongo. Fundi Taa kapokea kama mteja mwenye njaa. Simu iko mkononi, mikono yangu mikavu, haina sabuni. Nimebonyeza, nimevuta pumzi kwa tumbo, nami napokea.

Safari hii nimetazama mara mbili ninakotuma.